Mhandisi na Mwenye Ghorofa

Katika Karagita, na katika vitongoji vingine vilivyo kando ya Ziwa Naivasha, yako maneno yapitayo kinywa hadi kinywa kama sarafu halali. Maneno hayo ni kwamba nyumba hujengwa na fundi, na kwamba mhandisi ni mtu wa karatasi. Kila apitaye penye rundo la kokoto huyasikia. Husemwa na mwenye ploti, husemwa na mwashi, husemwa na kibarua. Na la kusikitisha zaidi, nimeyasikia yakisemwa na wanafunzi wangu wa sekondari, vijana ambao kesho ndio watakaomiliki ploti hizo. Nakusudia kuyapinga. Mimi si mhandisi. Kazi yangu ni chaki na ubao. Nayapinga kwa sababu niliwahi kuyaamini, nikatenda kama nilivyoamini, na tendo langu lingali juu ya vichwa vya watu mpaka leo.

Kwanza tutazame mahali penyewe. Karagita ni mtoto wa maua. Barabara iendayo kusini mwa ziwa imepakana na mashamba ya maua yauzwayo Ulaya, na maelfu ya watu walitoka pande zote za Kenya kuja kuyachuma, kuyafunga na kuyapakia. Watu hao walihitaji mahali pa kulala. Waliopata ploti walijenga safu za vyumba vya mawe vyenye paa la mabati, chumba kimoja kwa jamaa moja, futi kumi kwa kumi. Kwa nyumba za namna hiyo fundi mwema alitosha, wala sibishani na jambo hilo. Marehemu babu yangu alijenga kadha wa kadha, na ukuta wake mmoja ungalipo, umenyooka kuliko safu nyingi za wanafunzi mstarini. Lakini ploti haikui, ilhali wapangaji huongezeka. Basi nyumba zikaanza kupanda juu. Hapo ndipo maneno yale yalipoanza kuwa ya hatari, kwa maana maarifa ya kuvuka kijito kwa miguu hayamtoshi mtu avukaye bahari.

Fanyeni hesabu, maana ni hesabu nyepesi. Chumba kina mita tatu kwa mita tatu. Sakafu yake ya juu ni zege lenye unene wa sentimita 15. Mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa karibu kilo 2,400. Zidisheni, nanyi mtaona kwamba sakafu ya chumba kimoja pekee ni zaidi ya tani tatu. Na hapo hatujaweka kuta, vitanda, matangi ya maji, wala watu waliokusanyika kwa arusi au matanga. Uzito wa ghorofa ya nne hupita katika nguzo za ghorofa ya tatu, wa hizo mbili hupita katika nguzo za ya pili, na kadhalika, mpaka wote ukabidhiwe ardhi. Fundi hauoni uzito huo kwa macho, wala si haki kumdai auone. Mhandisi naye hauoni. Tofauti yao ni kwamba yeye amefundishwa kuuhesabu.

Na ardhi inayokabidhiwa mzigo huo ni ardhi gani? Mlima Longonot umesimama mbele yetu kila asubuhi, na chini ya miguu yetu yamo majivu ya volkano na mawe mepesi ya kuelea majini, pamoja na tope lililoachwa na ziwa katika zama ambapo lilikuwa kubwa kuliko leo. Udongo wa majivu, ukiwa mkavu, hubeba mzigo kwa subira nyingi. Ukipata maji, waweza kulegea, au kuchukuliwa na mkondo wa chini kwa chini bila mtu kujua. Mwezi wa Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ufa mrefu ulifunguka karibu na Suswa ukaikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Magazeti ya ng'ambo yakaandika kwamba Afrika yapasuka vipande viwili. Wanajiolojia wengi walieleza jambo la kawaida zaidi, nalo kwa mjenzi lina uzito zaidi: maji yalikuwa yameyaondoa majivu yaliyojaza nafasi za zamani ardhini, na kilichokuwa juu kikatumbukia. Kisha liko ziwa lenyewe, ambalo halina mto wa kulitoa maji. Mwaka 2020 lilipanda likaingia nyumba za Kihoto, na mwaka 2025 likarudi huko huko. Msingi uliochimbwa mahali pakavu mwaka mmoja waweza kukaa majini mwaka mwingine.

Wala tusisahau kwamba tunaishi ndani ya Bonde la Ufa. Tarehe 6 Januari 1928 ardhi ilitetemeka upande wa Subukia, katika nchi hii hii ya Nakuru, kwa nguvu ya karibu 6.9, tetemeko kubwa kupita yote yaliyopimwa Kenya. Mwaka 1973 Serikali ilitoa kanuni za kujenga katika sehemu zenye matetemeko. Ni nani Karagita aliyewahi kuziulizia? Tazameni majengo yetu mapya: chini ni maduka, yenye milango mipana na kuta chache, juu ni vyumba vilivyosongamana, vyenye kuta kila hatua tatu. Jengo la namna hiyo ni kama mtu mnene aliyesimama juu ya miguu miembamba. Siku ya utulivu husimama vyema. Siku ya kutikiswa, miguu ndiyo huvunjika kwanza.

Basi mhandisi afikapo, jambo la kwanza aombalo ni shimo la majaribio, apate kuujua udongo. Hapo ndipo shida zake zinapoanza. Huulizwa kwa kicheko kama amekuja kutafuta maji. Huambiwa kwamba jirani amejenga ghorofa tatu bila shimo lolote, na nyumba yake haijaanguka. Husihiwa atumie vipimo vya jirani. Nimemsikia mwenye ploti mmoja akisema kwamba udongo ni udongo tu, na mtu huyo, kwa kazi yake, ni mkulima wa viazi! Shambani asingekubali kuambiwa hivyo na mtu yeyote.

Sasa nieleze habari yangu mwenyewe, kwa kuwa nimeahidi.

Mwaka 2012, nilipokuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu, nilirudi nyumbani likizoni hali karo ya muhula uliofuata haijapatikana. Nikaajiriwa ukibarua katika jengo moja la Karagita. Wenzangu waliponijua nasomea nini wakaniita Mwalimu, kwa dhihaka na kwa heshima pamoja. Kibali cha jengo lile kilikuwa cha ghorofa mbili juu ya ile ya chini. Siku moja tulijitayarisha kumwaga zege la sakafu ya ghorofa ya pili. Mashine ya kukoroga imekodiwa, vibarua tu zaidi ya thelathini, jua bado halijawa kali. Mara akaja mhandisi kijana juu ya pikipiki. Akapanda ngazi ya miti, akatazama, akainama, akasema tusimame.

Kosa aliloliona nalifahamu leo. Siku ile sikulifahamu. Ili ulielewe, msomaji, chukua kipande cha chaki. Kisimamishe juu ya meza ukikandamize kwa kidole: kitastahimili sana. Kisha kishike ncha mbili ukikunje: kitakatika mara moja. Zege ni ndugu wa chaki. Kukandamizwa hulistahimili, kuvutwa hulishinda upesi, kwani nguvu yake ya kuvutwa ni karibu sehemu ya kumi tu ya ile ya kukandamizwa. Kwa hiyo hutiwa fito za chuma, ambazo mafundi huziita nondo, mahali pale ambapo zege litavutwa. Katika sakafu iliyolala juu ya kuta mbili, kati ya kuta hizo, panapovutwa ni upande wa chini. Lakini katika roshani iliyochomoza nje bila nguzo ya kuishika ncha yake, panapovutwa ni upande wa juu. Ukitaka kuona, shika kifutio cha mpira upande mmoja ukilemee ncha ya pili: ngozi yake ya juu ndiyo itanukayo. Nondo za roshani zikilala chini, ni kama hazimo.

Nasi tulikuwa tumezilaza chini. Fundi alizifunga juu, kama mchoro ulivyoagiza. Ila sisi vibarua tulipopita na makarai tulizikanyaga mpaka zikagusa mbao. Hata zile za chini hazikuwekewa vijiwe vya kuziinua, na nondo iliyolala juu ya mbao haitafunikwa na zege. Italiwa na kutu.

"Mzee," mhandisi akamwambia mwenye jengo, "nipe saa mbili tu, niziinue nondo hizi."

"Injinia, mashine hii nimeikodi siku moja," mwenye jengo akajibu. "Saa mbili hizo atalipa nani?"

"Roshani hii haitabeba watu, mzee."

"Itabeba. Fundi wangu amejenga miaka ishirini kabla wewe hujavaa viatu."

Tukacheka. Mimi pia nilicheka. Mhandisi hakujibu, alivua koti akaanza kuziinua kwa mikono yake, nondo moja moja, akiziegemeza kwa vipande vya mawe. Alipofika kama nusu ya kazi, mwenye jengo alimwita pembeni. Sikusikia yote waliyosemezana, ila nilisikia neno "salio". Mhandisi akavaa koti lake, akashuka, akapanda pikipiki. Nilimwona akigeuka mara moja kutazama juu.

Zege likaanza kumwagwa. Likawa zito, haliteremki karaini, nasi tulikuwa tumechoka kabla ya adhuhuri. Msimamizi akaniita: "Mwalimu, ongeza maji, litembee lenyewe." Mimi ndiye niliyeshika ndoo. Niliongeza, na zege likatembea kama uji, na watu wakanisifu.

Nilichokifanya kina maelezo ya kisayansi. Saruji hukauka na kuwa jiwe kwa kuungana na maji, lakini maji inayoyahitaji kwa muungano huo ni karibu robo tu ya uzito wake. Mengine huongezwa ili zege likubali kufanyizwa. Kwa mfuko mmoja wa kilo 50, lita 25 hivi ni kiasi cha kutosha kwa kazi njema, ukihesabu na umande uliomo mchangani. Yote yanayozidi hapo hukauka na kuacha nafasi tupu, vitundu visivyoonekana, na zege lenye vitundu lina nguvu pungufu sana. Ndoo moja ya maji hupokonya jengo kile ambacho mwenyewe amekinunua kwa mifuko ya saruji. Tena hapana awezaye kuligundua kwa macho, maana zege la uji huwa laini na zuri likishakauka. Ndiyo maana wahandisi huagiza zege litiwe katika visanduku vya chuma vya milimita 150, na vipande hivyo vivunjwe kwa mashine siku ya saba na siku ya 28, ipimwe nguvu yake ya kweli. Katika jengo lile vipande hivyo havikutengenezwa. Nimesikia kwamba kwingine hutengenezwa kwa zege la pekee, lililokorogwa kwa uangalifu kwa ajili ya mtihani tu, jambo ambalo sisi waalimu twalijua vyema kwa jina lake jingine.

Baada ya siku tisa mbao na nguzo za muda ziliondolewa, kwa kuwa zilihitajiwa mahali pengine. Zege halikumwagiwa maji hata mara moja. Nanyi mwajua upepo mkavu wa Naivasha wakati wa mchana, jinsi unavyopasua midomo. Zege changa lapasuka vivyo hivyo, nalo linahitaji kuloweshwa wiki nzima kwa uchache. Maji tuliyoyatia kwa wingi pasipotakiwa tuliyanyima palipotakiwa.

Naijua hoja itakayoletwa: jengo lile halijaanguka. Ni kweli, halijaanguka, na hoja hii ndiyo ngome kuu ya watu wa "fundi atosha". Lakini haithibitishi wanachodhani. Mhandisi, akijua kwamba wanadamu hukosea, huchora jengo liwe na akiba: hulihesabia mzigo mkubwa kuliko utakaokuwako, na nguvu ndogo kuliko iliyotarajiwa. Akiba hiyo ni kama ghala la chakula, imewekwa kwa mwaka wa njaa. Aliyezidisha maji amekula humo. Aliyekanyaga nondo amekula. Aliyenunua nondo nyembamba kuliko zilizoandikwa amekula. Fundi wa mabomba aliyetoboa mhimili apitishe bomba la choo amekula. Jengo husimama kwa kuwa ghala halijaisha. Kisha hupandishwa ghorofa nyingine, na huyo hali ndani ya ghala tu, aling'oa mlango. Jengo la kibali cha ghorofa mbili ambalo mimi nililitilia maji, leo lina ghorofa nne.

Na ziko siku ambapo ghala huisha. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, katika mvua kubwa, jengo la ghorofa sita lilianguka Huruma, Nairobi, kando ya mto. Waliokufa hawakupungua 49. Jengo hilo lilikuwa limekwisha tiwa alama ya kubomolewa, na watu wakaendelea kupanga ndani yake, maana kodi ilikuwa nafuu na kazi yao ilikuwa karibu. Asubuhi ya tarehe 23 Septemba 2019 darasa lilianguka katika shule ya Precious Talent, Dagoretti, wakafa wanafunzi wanane ambao walikuwa wamekuja kusoma, kama ninyi mlivyokuja leo. Dar es Salaam nayo ina siku zake. Tarehe 29 Machi 2013 jengo lililokuwa likijengwa katikati ya mji lilianguka wakafa watu 36, na tarehe 16 Novemba 2024 jingine likaanguka Kariakoo, saa za biashara.

Lakini kisa kinachonisumbua kuliko vyote ni cha mbali, kwa sababu chafanana nasi mno. Katika Savar, karibu na Dhaka, nchi ya Bangladesh, palikuwa na jengo la ghorofa nane liitwalo Rana Plaza. Ghorofa zake za juu ziliongezwa pasipo kibali. Ndani yake walifanya kazi maelfu ya watu, wengi wao wanawake, wakishona nguo za kuuzwa Ulaya na Marekani, kama mama zenu wafungavyo maua. Tarehe 23 Aprili 2013 nyufa zilionekana. Mhandisi akaitwa, akatazama, akasema watu watoke. Benki na maduka ya chini yakafungwa. Kesho yake wenye benki na maduka hawakurudi; washonaji ndio walioamriwa kurudi. Asubuhi hiyo jengo likaanguka, wakafa zaidi ya watu 1,100. Mhandisi alikuwapo, maarifa yalikuwapo, onyo lilitolewa kwa lugha yao wenyewe, tena siku nzima kabla. Kilichokosekana ni mtu wa kusema kwamba siku moja ya hasara ya nguo yakubalika.

Nyufa zimenikumbusha jambo. Tuna methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni methali njema, nami naifundisha. Lakini katika mambo ya ghorofa imepotoshwa vibaya, maana watu wameichukua neno kwa neno: wauonapo ufa huuziba kwa lipu, wakapaka rangi, wakaridhika kwamba wameitii hekima ya wahenga. Ufa ni mjumbe. Ufa wa mshazari katika ukuta waweza kusema kwamba msingi umezama upande mmoja. Ufa wa katikati ya mhimili, upande wa chini, waweza kusema kwamba umelemewa. Mwingine ni wa lipu tu, hauna neno. Anayejua kutofautisha ni yule tuliyemwita mtu wa karatasi. Mjumbe kwanza huulizwa habari aliyoleta. Sisi twamfunga kinywa mlangoni.

Nisije nikadhaniwa nawapamba wahandisi. Wamo miongoni mwao waliogeuza sahihi kuwa bidhaa. Mtu hukaa ofisini Nakuru au Nairobi, huletewa mchoro ambao hakuuchora, wa ploti ambayo hajaikanyaga, akapiga muhuri na kupokea fedha. Jengo likianguka husema hakuwako. Na hakika hakuwako, hilo ndilo shtaka lenyewe. Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011 imeipa Bodi ya Wahandisi uwezo wa kumfuta katika daftari mtu wa namna hiyo, na afutwe. Hata yule kijana wa pikipiki simwachilii kabisa. Alijua, akaondoka. Yampasa mhandisi aliyekataliwa aandike kwa mamlaka siku ile ile kwamba kazi imekwenda kinyume cha mchoro wake. Lakini nimwulizapo moyoni mwangu, hunijibu kwa swali: mwenye jengo angemwita mwingine kabla ya jua kutua, na yule angetia sahihi, je, watoto wake wangekula nini? Swali hilo si udhuru, ila lina ukweli. Mhandisi wa majengo madogo huajiriwa na mtu yule yule anayepaswa kumzuia. Salio la ada yake liko mfukoni mwa mtu anayekosolewa. Huitwa mchoro ukiisha, wakati vyumba vimekwisha pangwa mahali ambapo nguzo zilitakiwa kusimama. Huambiwa aondoe nguzo moja ili gari lipite. Hutumiwa picha ya msingi kwa simu badala ya kuitwa auone. Kisha siku ya maafa jina lake ndilo la kwanza kutajwa.

Mfalme Hammurabi wa Babeli, yapata mwaka 1750 kabla ya Kristo, aliweka sheria kwamba nyumba ikianguka ikamwua mwenyewe, mjenzi auawe. Wako wanaoitamani sheria hiyo hapa kwetu. Lakini Hammurabi alimfikiria mjenzi mmoja na nyumba moja, na aliyekufa ni mwenye nyumba. Kwetu mwenye nyumba halali ndani yake. Hulala kwingine, katika nyumba ya chini yenye bustani, na wanaokufa ni wapangaji ambao hawakuuona mchoro wala kibali, wala hawakujua kwamba vitu hivyo vyaweza kuulizwa. Na mjenzi ni nani? Ni aliyeuza mchanga wenye vumbi, aliyekodisha mashine kwa siku moja, msimamizi, mkaguzi aliyetia alama nyekundu ukutani asirudi tena, na kijana aliyeshika ndoo. Sheria hazikukosekana. Tulikuwa na sheria ndogo za majengo za mwaka 1968, na sasa yako Maagizo ya Taifa ya Majengo ya mwaka 2024. Kitabu hakiwezi kupanda ngazi ya miti ili kitazame nondo.

Wenye ploti hulalamika kwamba mhandisi ni ghali, na kwamba gharama yake itaangukia wapangaji maskini. Nilikuwa nikiiheshimu hoja hii mpaka nilipotazama wanachonunua. Lango la chuma lenye nakshi halikuwa ghali. Vigae vya ukumbi havikuwa ghali, wala rangi ya waridi iliyopakwa mbele tu, pale barabara inapoona, huku ubavuni mawe yakiwa wazi. Ghali ni kile kisichoonekana. Na huruma hiyo kwa wapangaji hutajwa tu wakati wa kumlipa mhandisi. Mwisho wa mwezi, wakati wa kodi, sijaisikia.

Mwaka jana nilipanga mambo na mhandisi mmoja, mtu mzima, aliyekuja kuzungumza na wanafunzi. Baada ya mazungumzo nilimpeleka nje ya jengo lile, nikamweleza yote, hata habari ya ndoo. Alisimama ng'ambo ya barabara akizitazama roshani, ambazo zimejaa ndoo za kufulia, majiko, na watoto waliokuwa wakitupungia mikono. Aliniuliza ni ipi kati ya roshani zile yule kijana alizifikia nondo zake kabla ya kuondoka. Nikamwambia ni za upande wa kushoto. Akasema kwamba yawezekana kupima: iko nyundo maalumu inayopiga zege na kusoma ugumu wake, kiko chombo cha kutafuta nondo ziko kina gani, na ikibidi hukatwa kipande cha mviringo kikapelekwa kuvunjwa maabara. Ni kazi ya siku chache, na roshani dhaifu zaweza kuwekewa nguzo kutoka chini. Ila hawezi kuanza bila ruhusa ya mwenye jengo.

Nilimwendea mwenye jengo, ambaye sasa ni mzee kweli, na alinipokea kwa wema akaniagizia chai. Nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyetia maji. Alicheka, akasema kwamba kila mtu alitia maji. Kuhusu upimaji alisema atafikiri, kisha akaniuliza ni nani atakayewalipa wapangaji watakaoogopa na kuhama wakiona watu wenye nyundo. Nikamwachia namba ya simu ya mhandisi, nikawaandikia wakaguzi wa kaunti barua niliyotia sahihi kwa jina langu. Wapangaji wa ghorofa ya pili nimewaambia mwenyewe, mlango kwa mlango. Jamaa wawili wamehamia vyumba vya mabati nyuma ya soko. Wengine waliniuliza kama najua mahali pengine penye kodi kama hiyo, karibu na basi la saa kumi na moja alfajiri, nami sikuwa na jibu la kuwapa. Katika chumba cha tatu upande wa kulia anakaa mwanafunzi wangu mmoja, nasi tumepatana kwamba asikae tena roshanini kusoma, ingawa ndani ni giza. Barua ya wakaguzi bado naingojea.